Mama Grace Wiley: muke aliyelea nyoka, na chupa moja iliyovunjika

Huku kwetu, ukisema fulani anafuga nyoka mu nyumba, watu hawaulizi ni nyoka wa aina gani. Wanauliza anatapika franka ngapi kila usiku. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi habari ni ile ile: tajiri wa gafula, chumba kimoja chenye kufungwa na ufunguo, na nyoka mukubwa ndani. Hata wachoraji wetu wametuchorea Mamba Muntu na nyoka yake, na picha zile zilitundikwa mu masaloni mingi ya makambi.

Leo, ndugu wasomaji, pamoja na wamama munaosoma ku nyumba wakati baba iko ku posti ya usiku, ninataka kuwaelezea maisha ya muke mumoja aliyefuga nyoka kweli kweli, wengi sana. Hawakumutapikia hata likuta moja. Walimupatia sifa kubwa, alikosana na wakubwa wake wa kazi juu yao, na mwisho mumoja wao alimuua. Jina lake ni Grace Olive Wiley, mutu wa Marekani, na alikufa mwaka 1948. Sababu ya kumuleta mu ukurasa wa watu wa mine mutaiona mbele.

Mutoto wa Kansas

Mama Grace alizaliwa mwaka 1883 ku Chanute, muji mudogo wa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, inchi ya mashamba na majani marefu. Jina la wazazi wake lilikuwa Gough. Wiley ni jina la bwana aliyemuoa, lakini ndoa ile haikudumu, waliachana.

Alisoma ku iniversite ya Kansas, na masomo yake yalikuwa ya wadudu. Wakati ule wamama waliofika iniversite walikuwa wachache, na mama wa kuzunguka pori na nyavu mu mukono akikamata wadudu alikuwa kitu cha kushangaza. Yeye alizunguka majimbo ya kusini na magharibi, sehemu za joto na mawe, akikusanya wadudu kwa ajili ya masomo. Ni kusema alitumika kila siku mu makao ya nyoka. Na ajabu ni hii: nyoka njo kitu alichoogopa kupita vyote. Woga wake ulikuwa mukubwa kuliko woga wetu wa kawaida.

Lakini woga ule ulimutoka, na ulipomutoka, ulimutoka wote, haukubaki hata kidogo. Hapo njo sifa yake ilianza, na hapo njo shida yake ilianza vile vile.

Nyoka aliyempenda zaidi ni yule mwenye njuga ku mukia. Huku kwetu hayuko, anaishi mu bara la Amerika tu. Ku mwisho wa mukia wake kuna vipande vikavu vilivyopangana sawa shanga, na kila mara anapovua ngozi kipande kimoja kinaongezeka. Akiona adui anatikisa mukia na vipande vile vinalia. Ni onyo. Sumu yake inaharibu nyama na damu, na kule Marekani watu wengi wa mashamba wanamuogopa sawa vile sisi tunavyoogopa nyoka wa majani yetu. Wengine walimuua kila walipomuona. Mama Grace yeye alimuchukua akamuweka mu kasha, akamupa maji na panya, akaanza kumuchunguza.

Nyumba ya makumbusho ya Minneapolis

Mwaka 1923 alipata kazi ku Minneapolis, muji wa kaskazini wenye baridi kali. Maktaba ya muji ilikuwa na nyumba ya makumbusho ya viumbe, na yeye akawa mulinzi wa vitu vya pale. Akaja na nyoka wake. Kidogo kidogo wakaongezeka, mpaka wakawa wengi sana, wa aina nyingi. Watu walikuja kuazima buku, wakakuta mama mumoja mwembamba ameshika nyoka wa sumu mu mikono mitupu.

Pale njo alifanya kitu ambacho hakuna mutu alikuwa amefanya mbele yake. Alifaulu kuwazalisha nyoka wenye njuga mu kasha, mbali na pori. Mpaka leo wanaohesabu historia ya kufuga nyoka wanamuweka wa kwanza. Mwaka 1929 aliandika juu ya nyoka wake wa Texas, namna walivyoishi mu kasha na namna jike alivyozaa, na andiko lile lilitoka mu gazeti la chama cha Marekani cha watu wa dawa za sumu ya nyoka. Mwaka uliofuata aliandika juu ya aina ingine ya nyoka mwenye njuga. Hakuwa mufanya-mazingaombwe wa sokoni. Alikuwa mutu wa kuandika tarehe, kupima na kuhesabu.

Majira ya madume

Mwaweza kuuliza: kuzalisha nyoka kuna uzito gani? Si kuweka dume na jike pamoja, basi? Hapana. Kuku na mbuzi wamezoea mutu tangu mababu. Nyoka hajazoea. Mu kasha anaweza kuishi miaka mingi, anakula, ananenepa, na hazai hata mara moja.

Kwanza lazima apate majira yake. Nyoka mwenye njuga anatoka mu inchi yenye baridi na joto. Wakati wa baridi anajificha mu mashimo ya mawe, hali, hatembei, analala tu. Jua likirudi anatoka, na miili ya dume na jike inajua kwamba saa imefika. Mufugaji akiwaweka mu joto moja mwaka muzima, mwili haupati alama ile. Ni lazima joto lipungue kwa kipimo, kisha lirudi kwa kipimo.

Pili, dume wa majira si dume wa siku zote. Yule aliyekuwa anakula vizuri kila juma anaanza kukataa. Unamuwekea panya, anamuangalia tu. Mufugaji mupya anafikiri ni ugonjwa, anaanza kumulazimisha kula, na hapo anamuharibu. Dume yule si mugonjwa, anafanya mugomo wa kula, na mugomo ule unaisha wenyewe kisha majira kupita. Dawa yake ni maji safi, utulivu, na mufugaji mwenye uvumilivu. Kama alikuwa amenenepa vizuri mbele ya majira, atavumilia.

Usiku anazunguka kasha bila kupumzika, anasukuma pua yake ku kila kona, ku kila kifuniko. Anatoa ulimi mara kwa mara, juu nyoka anasikia harufu na ulimi, na harufu ya jike inamuvuta sawa kamba. Mpaka pua inachubuka. Ni wakati huo kifuniko kilichofungwa vibaya kinafunguka. Nyoka aliyelala kimya miezi sita anatoka usiku mumoja. Kwa hiyo wafugaji wenye akili wanaangalia vifungio vyote mbele ya majira kufika, hawangojei mutu akanyage nyoka mu kolidoo.

Tatu, madume mawili hawakai mu kasha moja wakati ule. Wakikutana wanainua sehemu ya mbele ya mwili, kifua kwa kifua, wanasokotana, kila mumoja anatafuta kumuangusha mwenzake chini. Hawaumani na meno. Ni mapambano ya nguvu tu, sawa vijana wanaoshikana mieleka. Mwenye kuangushwa anakimbia. Mu pori ana nafasi ya kukimbia. Mu kasha hana, anabaki chini ya yule mushindi, anaogopa, hali chakula, na anaweza kufa polepole bila kidonda chochote.

Kwa miaka mingi watu walioona muchezo ule walidanganyika. Wakasema ni dume na jike wanacheza ngoma ya mapendo. Mwaka ule ule Mama Grace alipokufa, 1948, mutu wa zoo ya San Diego, Charles Shaw, alitoa andiko akieleza kwamba wanaocheza vile ni madume kwa madume. Muone namna ilivyo rahisi kuangalia kitu kila siku na kukiita jina lisilo lake.

Basi mufugaji anaweka kila dume peke yake, na saa ikifika anamupeleka kwa jike. Akiona jike anakimbia sana, anawatenga, anajaribu siku ingine. Kisha anaandika: siku gani alivua ngozi, siku gani alikataa chakula, siku gani walipandana. Jike wa nyoka mwenye njuga haagi mayai. Anabeba watoto miezi kadhaa mu tumbo na kuwazaa wakiwa hai, mara ingine kumi na zaidi kwa mara moja, na kila mutoto anazaliwa na sumu yake tayari. Kisha pale jike anaweza kupitisha mwaka ao zaidi bila kuzaa, anajenga mwili upya. Kazi yote hiyo ni ya macho na saburi. Na Mama Grace alikuwa na vyote viwili.

Mikono mitupu

Alichokosa ni kitu kingine. Wafugaji wengine walikuwa na fimbo ya chuma yenye ndoano, na makasha yenye vifungio viwili. Mama Grace hakupenda ndoano, alisema na matendo yake kwamba inaumiza nyoka na kumukasirisha. Yeye alikuwa na namna yake. Nyoka mupya akifika, alimuacha mu utulivu. Kisha alimugusa na fimbo iliyofungwa kitambaa laini ku mwisho, polepole, ku mugongo. Siku zingine tena. Nyoka akizoea fimbo, aliweka mukono mahali pa fimbo. Na mara nyingi, mara nyingi sana, ilifaa. Kobra waliotanua shingo kwa kila mutu walitulia mu mikono yake.

Lazima tumutendee haki. Aliwaonyesha watu kwamba nyoka hana roho mbaya, hawindi mutu, anauma juu ya woga. Hilo ni kweli, na sisi tunaoua kila nyoka, hata asiye na sumu mwenye kutusaidia kula panya, tungefaa kulisikia.

Lakini wakubwa wa nyumba ya makumbusho hawakufurahi. Walitaka sheria: vyombo vya kushikia, umbali wa watu, vifungio. Yeye alikataa. Mabishano yakakua, mwisho akaondoka. Mwaka 1933 alichukuliwa na zoo mupya ya Brookfield, karibu na Chicago, iliyofungua milango mwaka 1934, awe mukubwa wa upande wa nyoka. Alipeleka kule nyoka wake mwenyewe. Kule nako hadisi ikawa ile ile. Nyoka walitoka mu makasha, na siku kobra wa Misri alipopotea, magazeti yalijaa habari na watu wa mutaa wakaogopa. Mwaka 1935 walimufukuza.

Mimi ni mutu wa sendika. Kazi yangu ni kusimama na mufanyakazi anayefukuzwa, na mama aliyefanya kazi mu dunia ya wanaume ninamuheshimu mara mbili. Lakini sendika haisimami kutetea kasha lisilofungwa. Sheria ya usalama hailindi bosi peke yake. Inalinda mwenye kufagia kolidoo, mutoto aliyekuja kutembea na mama yake, na mwenzako wa posti inayofuata.

California

Akaenda California, upande wa Long Beach, na baadaye ku Cypress karibu na pale. Akafungua zoo yake mudogo, watu wanalipa kidogo na kuingia. Vilevile watu wa sinema wa Hollywood walikuja kwake kuazima nyoka wa filamu na kuomba akili yake. Njo namna aliishi: makuta kidogo ya kiingilio, makuta kidogo ya sinema, na chakula cha wanyama kila siku. Pale hapakuwa na mukubwa wa kumugombeza tena. Hapakuwa pia na mutu wa kuangalia vyombo vyake, wala wa kuuliza kama dawa ingali nzima.

Tarehe 20 mwezi wa saba 1948

Siku ile alikuja mwandishi na mupiga picha, Daniel Mannix, kutafuta habari yake na picha. Mama Grace alikuwa na miaka 64. Alimuonyesha nyoka wake, na kwa picha akaleta kobra wa India, mwenye alama ya kupendeza nyuma ya shingo. Kobra yule alikuwa mupya, hajakaa siku nyingi kwake. Hakuwa amepita mu shule yote ya fimbo ya kitambaa. Ni nyoka asiyemujua bado, mu mwangaza, karibu na watu wageni na kamera.

Mupiga picha alitaka shingo itanuke. Mama akasogeza mukono namna alivyofanya mara elfu. Kobra akamuuma ku kidole.

Hakupiga kelele. Alimurudisha nyoka mu kasha kwanza, juu asiume mutu mwingine, kisha akaomba wamusaidie. Mu nyumba kulikuwa serumu ya kobra: kichupa kimoja tu. Mu haraka ile, kichupa kikavunjika. Dawa ikamwagika, hakuna cha pili.

Wakamupeleka hospitali ya Long Beach. Hospitali ilikuwa na serumu, lakini serumu ya nyoka wa Marekani. Na hapa mufahamu vizuri: dawa ya sumu ya nyoka haifungui kila mulango. Mara nyingi inatengenezwa na damu ya farasi aliyezoezwa sumu ya nyoka fulani, na inapigana na sumu ile na za ndugu zake. Sumu ya kobra inafunga mishipa inayoendesha mwili, mpaka kifua kinashindwa kuvuta hewa. Walimuweka mu mashini ya chuma yenye kusaidia kupumua. Muda wa saa mbili haukutimia, Mama Grace akafa.

Mambo mawili ya kupeleka mu shimo

Watu wengi wanaosimulia kifo hiki wanamaliza na kusema: muone, nyoka ni nyoka. Mimi ninaona hiyo ni kuruka jambo. Nyoka alifanya kazi yake ya nyoka. Walioshindwa ni wawili wengine: mazoea na kichupa.

Mazoea kwanza. Mama Grace alijua nyoka kupita karibu watu wote wa wakati wake. Alijua kwamba dume wa majira si dume wa jana. Alijua kwamba nyoka mupya si nyoka wa zamani. Lakini mara elfu bila kuumwa zilimufundisha mukono wake kusahau alichojua kichwa chake. Nani kati yetu hamujui mutu wa namna hiyo? Muzee wa miaka 25 mu shimo, anayesikia mwamba kwa kugonga na chuma, sauti ikilia wazi anajua ni muzima, ikilia tupu anajua utaanguka. Siku moja anaingia mahali palipopasuliwa usiku, pahali papya, na hagongi, juu jana palikuwa salama. Mwamba wa jana ulikuwa mwamba mwingine. Kijana wa kwanza anakufa juu ya kutojua. Muzee anakufa juu ya kujua sana.

Pili, kichupa. Alikuwa na dawa. Mu karatasi, kama tungekuja na mukaguzi, tungeandika: dawa iko. Alama ya sawa, sahihi, tunaondoka. Lakini dawa moja, ya kioo, isiyo na ya pili, na hospitali ya karibu isiyojua kwamba ku jirani kuna mutu wa kobra, hiyo si ulinzi. Ni karatasi tu. Mangapi kwetu ni ya namna ile? Maski ya hewa imetundikwa, tarehe yake imepita. Machela iko, kamba yake imeoza. Kasha ya dawa iko, ufunguo uko kwa shefu, na shefu iko ku kongé. Kila kitu kiko, mpaka saa ya kukihitaji.

Kanuni ya kazi ya inchi yetu inataka kampuni iwe na komite ya usalama na usafi ku pahali pa kazi, na wafanyakazi wakae ndani yake. Wengi tunaona kiti kile ni cha kunywa soda tu. Tukikamate. Tuulize maswali ambayo hakuna mutu alimuuliza Mama Grace: ya pili iko wapi? Nani aliijaribu, siku gani? Hospitali inayotupokea inajua tunatumika na sumu gani, asidi gani, vumbi gani?

Na kwa wamama na watoto mu makambi na mu vijiji vya karibu: mutu akiumwa na nyoka, musikate kidonda, musinyonye, musifunge kamba ya kukaza. Mutoeni pete na viatu, mumutulize, kiungo kisitikisike, na mumupeleke haraka ku hospitali. Serumu kwetu ni haba, sehemu nyingi haiko kabisa. Kwa hiyo muulize leo, wakati wote muko wazima, kituo gani kiko nayo.

Juma hili, kila delege apite ku kasha ya dawa ya posti yake. Aifungue kweli, atoe kila kitu, asome tarehe, ahesabu. Pale atakapokuta kimoja tu, aandike barua ya kuomba cha pili, na abaki na kopi.